Gamosa Iliyovishwa Shingo Nyingine

Nilipoiona gamosa yangu shingoni mwa mwanamume nisiyempenda, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi pamoja na sinia la chai nililolibeba.

Wala sikukaa sana jikoni. Nilikwenda kumimina chai na kupanga mikate ya mchele yenye ufuta kwenye sahani, basi. Narudi sebuleni, mama ameshamaliza kazi. Mgeni wetu Nabajit amekaa kwenye kiti cha baba, mgongo umenyooka kama anayepigwa picha, na nguo yangu nyeupe yenye maua mekundu imemlalia mabegani. Ile ile niliyoificha chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka ya bibi, nimeiviringisha ndani ya mtandio uliochakaa ili asiwepo wa kuigusa.

"Tarali, mbona umeganda mlangoni?" mama akasema bila kuniangalia. "Chai itapoa."

Nikatembea. Miguu sijui niliitoa wapi. Shangazi yake Nabajit, Bi Bonolota, mwanamke mwenye sauti ya kujaza ua mzima, alikuwa ameshika pindo la gamosa analipapasa kwa vidole.

"Jamani mikono! Mikono hii!" akasema. "Nabajit, umeyaona maua haya? Kule kwetu Lakhimpur mjini huyapati hata ulie machozi ya damu."

"Nimeyaona, shangazi."

"Umeyaona tu, au umeyaelewa?"

Nabajit akainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Maskini, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumua. Alikuwa kijana mpole wa ofisi ya barabara, viatu vyake amevivua nje akavipanga vizuri, maneno yake machache. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuwa Hiranya.

Baba akajitupia kipande cha popoo mdomoni. "Mimi sina neno," akasema. "Mambo hayo muulizeni mama yake." Ndiyo sala ya baba yangu hiyo, asubuhi na jioni.

"Mimi nimeshauliza na nimeshajibiwa," akasema Bi Bonolota, akilipigapiga pindo la gamosa begani kwa mpwa wake. "Bihu ikiisha tunarudi na tambuu zetu za posa, tuzungumze kikubwa."

Nikaweka sinia mezani. Vikombe vililia vyote.

Mwenzenu nilielewa kila neno. Kwetu Assam Bihu, sikukuu ya mwaka mpya, ina siku zake; hiyo ilikuwa siku ya watu, na kila mwanamke huwavisha wake gamosa alizofuma kwa mikono yake mwezi mzima uliotangulia. Ya baba, ya babu, ya mjomba, hizo ni za heshima, maua machache tu pembeni. Lakini iliyojaa maua, ikatoka mtamboni kwa msichana asiyeolewa, ikaenda shingoni kwa kijana asiye ndugu yake, hiyo haihitaji mkalimani. Na ikishavishwa hairudi. Anayeirudisha ameitukana nyumba iliyompa, na anayeidai amewatukana wageni wake mbele ya watu.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwamo ndani ya maua yale. Kati ya majani mekundu nilificha kiwavi. Ndiyo, kiwavi! Kiwavi wa hariri ya muga, mnene, amejikunja juu ya jani kama mzee aliyeshiba. Ukitazama harakaharaka utadhani ni ua. Ukiwa Hiranya utamwona kiwavi, utacheka mpaka ukae chini, kwa sababu Hiranya anafuga viwavi hao ng'ambo ya kijito chetu, na mimi nilikuwa nikimtania kila siku kwamba anawapenda kuliko binadamu.

Yote yalianza msimu wa vuli. Mama yake Hiranya aliugua macho, akaomba nikawasaidie kuvuta uzi. Uzi wa muga hauvutwi na mtu mmoja. Mmoja anachambua nyuzi kutoka kwenye vifukofuko vya viwavi vinavyoelea katika maji ya moto, mwenzake anazipokea, anazisokota kwa kigasha chake huku mkono wa pili ukizungusha gurudumu. Mkono wangu na mkono wake ilibidi iende pamoja, kama watu wanaobeba mtungi mmoja.

"Unakwenda mbio," akaniambia siku ya kwanza.

"Wewe ndiye unayejikokota."

"Uzi huu hautaki haraka, Tarali. Ukiukimbiza unakatika."

"Na ukiusubiri?"

"Ukiusubiri unakuja wenyewe."

Alisema hivyo akiniangalia mimi, wala siyo uzi, na uzi ukakatika.

"Hiranya!" mama yake akaita kutoka mkekani, macho yamefungwa kitambaa. "Macho kwenye kazi!"

"Yako kwenye kazi, mama."

"Mimi ndiye niliyefungwa macho, siyo masikio!"

Tukacheka tukiwa tumeinama. Mvuke ulipanda kati yetu, na mle ndani ya mvuke ule uzi wa dhahabu ulikuwa ukitoka kidogokidogo, kutoka kwangu kwenda kwake. Toka siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nikifumba macho nausikia ule mzunguko wa gurudumu, naona kile kigasha chake kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, mpaka kunakucha.

Sasa nguo yake alikuwa ameivaa mtu mwingine, na jua la saa tisa bado lilikuwa linawaka.

Kabla wageni hawajaaga tukasikia ngoma, tukatoka nao barazani. Kundi la vijana wa nyimbo za Bihu lilikuwa linaingia uani kwetu kutubariki, kama linavyoingia kila nyumba. Baragumu la pembe ya nyati likalia, makofi yakapokea, na mbele kabisa, ngoma kubwa ikiwa imening'inia shingoni, alikuwa Hiranya. Nywele zimemganda kwa jasho. Nilimwona yeye kabla hajaniona, na kwa kitambo hicho kidogo nilifurahi kama mjinga, nikasahau kila kitu.

Kisha macho yake yakapita kwangu, yakaenda barazani, yakatua shingoni mwa Nabajit.

Ngoma ikanyamaza.

Wenzake waliendelea na makofi, wakatazamana, mmoja akamsukuma bega. "We vipi?" Hiranya akapiga tena. Alipiga sawasawa, hakukosea mahali, lakini furaha ilikuwa imetoka mkononi. Waliimba baraka zote: nyumba hii ijae mchele, nyumba hii ijae watoto, binti wa nyumba hii apate mume mwema. Bi Bonolota akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama akawapa tambuu na gamosa ya heshima, wakapiga magoti wakatuombea, wakatoka.

Nilimkimbilia hadi kwenye uzio wa mianzi, ua la kopou nililojipamba kwa sikukuu likidondoka nyweleni.

"Hiranya! Hiranya, simama basi!"

Akasimama. Wenzake wakatangulia, wanajifanya hawasikii.

"Hongera," akasema.

"Usiniambie hongera. Si mimi niliyemvisha."

"Nani aliifuma?"

"Mimi."

"Uliifuma kwa ajili ya nani?"

"Yako wewe! Kiwavi yumo, hukumwona?"

"Nimemwona. Ndiyo maana ngoma imenishinda."

"Basi ni mama. Ameitoa sandukuni nikiwa jikoni."

"Ilikuwa inafanya nini sandukuni?" akauliza taratibu. "Tangu asubuhi ni siku ya watu, Tarali. Wenzangu wote wamevishwa mbele ya mama zao, wakacheka, wakala. Mimi nimepita kila nyumba shingo tupu. Wewe ulikuwa unasubiri nini?"

Jibu alilijua.

"Ulikuwa unasubiri giza liingie," akasema. "Mimi si mwizi wa kuku hata nipewe vyangu gizani."

"Namwogopa mama."

"Na mimi namwogopa. Lakini ningekuja." Akaishika ngoma isimgonge magoti. "Rudi, wageni wako wanakutazama."

Akaondoka. Nikabaki nimeshika mwanzi wa uzio, nalia hadharani kama mtoto aliyenyang'anywa embe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi mwezi mzima nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ikafika siku ya mitambo ya kufumia. Siku hiyo ya Bihu hakuna mwanamke anayefuma. Mtambo unaogeshwa, unapakwa unga wa mchele uliolowekwa, unawekewa ua na taa, nasi tunausujudia kwa sababu ndio unaotuvika. Mama aliamka mapema, akaoga kisimani, akaja bandani na nywele zinachuruzika maji. Mimi nilikuwa nimeshakaa pale kwenye ubao wangu, sijaoga, nimejipaka mafuta ya nywele yenye harufu ili nifunike usiku mbaya niliolala. Tulisujudu pamoja. Kisha yeye akaanza kupangusa chanuo la kufumia, jino kwa jino.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

"Ulijua ile gamosa ni ya nani."

Mama hakugeuka. "Gamosa ya baba yako uliifuma tak-tak, tak-tak, kama mtu anayekimbia mvua. Ya mjomba wako vivyo hivyo. Ikaja moja. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Mimi niko jikoni, wali unaungua, nimesimama nasikiliza. Nikasema, huyu mtoto wangu hafumi. Huyu anazungumza na mtu."

Nilihisi uso unawaka. "Na kiwavi ulimwona?"

"Viwavi niliowalisha mimi nikiwa mtoto hawana idadi. Nishindwe kumjua mmoja wa nyuzi?" Akavuta pumzi. "Ulimfuma vizuri. Hata alivyoinua kichwa."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba aliisifu.

"Kwa nini basi, mama? Kwa nini ukamvisha mtu mwingine kitu ulichojua si chake?"

Mama akaweka kitambaa chini. Alikaa kando yangu kwenye ubao, tukabanana kama zamani alipokuwa ananifundisha kukanyaga mtambo, mguu wake juu ya wangu.

"Babu yako alikuwa mtu wa muga," akasema. "Hilo unalijua. Usilolijua ni hili. Mwaka niliochumbiwa, alinionyesha mti mmoja. Akasema, vifukofuko vya mti huu haviuzwi, ni nguo yako ya harusi. Kila siku nikipita nauangalia mti wangu. Ukaja upepo wa moto. Viwavi wakawa wanaanguka kama matunda yaliyooza, Tarali, unatembea unawakanyaga. Baba akakaa chini ya mti wangu. Hakula, hakusema. Mama akimwita haitiki." Akaupapasa ubao. "Nimezaliwa nyumba ya muga, nikaolewa nimevaa pamba. Watu wakaja harusini wakaniangalia, wakaangalia chini. Nikaapa mwanangu hatakaa nyumba inayomtegemea mdudu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia ili iweje? Nabajit ana kazi. Jua likiwaka, mvua ikinyesha, yeye anakwenda ofisini. Atakutunza."

"Simpendi."

"Utamzoea."

"Nguo inazoeleka, mama. Mtu je?"

"Gamosa imeshasema, Tarali. Hairudi."

Nikasimama. Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti, na siku ya mitambo ndiyo kabisa haifai, lakini ilitoka. "Gamosa yangu ilisema Hiranya! Kila uzi ulisema Hiranya! Wewe ndiye uliyeipeleka ikaseme uongo!"

Nikatoka bandani pekupeku, nikakivuka kijito, sketi yangu ya mekhela imelowa hadi magotini, wala sikuangalia nyuma.

Shamba la miti la Hiranya lina harufu yake. Majani mabichi, udongo wenye unyevu, na kitu kingine kitamu nisichokijua jina. Na lina sauti. Ukisimama kimya unasikia manyunyu ya mvua, unainua mkono upokee tone, hakuna tone. Ni viwavi wanakula. Juu yako, kila mti, maelfu ya midomo midogo inatafuna majani, na jua linapita kati yao la kijani, na unajisikia kama umeingia ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Alikuwa amesimama chini ya mti akihamisha viwavi. Aliponiona akainua mkono.

"Hapo hapo. Umeoga?"

"Hiranya, nimekuja nalia unaniuliza nimeoga?"

"Nasikia mafuta ya nywele mpaka huku. Wao hawataki harufu, na asiyeoga haingii." Akaja mpaka mpakani, kwenye kamba ya majani aliyoifunga kutoka mti hadi mti. Yeye ndani, mimi nje. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua si mimi peke yangu niliyelala vibaya.

"Nichukue," nikasema.

"Nini?"

"Nichukue leo. Kila Bihu lazima msichana fulani apotee jioni, asubuhi akutwe jikoni kwa mama mkwe anachochea moto. Wazee wanagomba, wanachoka, wanakula karamu. Mwaka huu niwe mimi."

Aliinua kidole akaupangusa uzi wa machozi shavuni kwangu, juu ya ile kamba.

"Sitaki," akasema.

"Hunitaki?"

"Nimesema sitaki kukuiba. Usinigeuzie maneno."

"Tambuu zao zinakuja Bihu ikiisha! Utakaa hapa unahesabu kunguru mpaka niolewe?"

"Nitakuja kwenu mchana, na mama yangu, na tambuu zetu. Mama yako akinifukuza, atanifukuza usoni."

"Atakufukuza!"

"Basi nitarudi kesho yake."

"Mpumbavu wewe!" nikalia. "Mpumbavu mwenye kiburi, na mimi nakupenda, sijui nifanye nini na mapenzi yenyewe, nakupenda mpaka nafuma viwavi!"

Akacheka, na machozi yanamtoka. "Na mimi nakupenda. Nakupenda tangu uzi ulipokatika. Unadhani ulikatika wenyewe? Niliuachia."

"Muongo!"

"Muulize mama."

"Niulize mimi kwanza," sauti ikasema nyuma yangu.

Mama yangu alikuwa amesimama njiani, nywele zake bado mbichi za kisimani, pumzi zinampaa. Kumbe alinifuata tangu bandani. Hiranya akakutanisha viganja akainama.

"Mama."

"Usiniite mama bado. Nimesikia umekataa kumwiba."

"Ndiyo."

"Ungemwiba ningekuja na mapanga, halafu ningekudharau maisha yangu yote." Akasogea mpaka kwenye kamba. "Haya, unaweza kuniahidi nini?"

Nikamwangalia Hiranya kwa macho ya kumsihi. Mwambie lolote. Mwambie utatafuta kazi mjini, mwambie utaikata miti. Danganya basi, mpenzi, mara moja tu.

"Jua sina ahadi nalo," akasema. "Wala mvua. Mwaka juzi nilipoteza nusu."

"Upepo wa moto ukija?"

"Nitalia, mama."

"Ukishalia?"

"Nitaanza tena. Na kila msimu, uwe mwema uwe mbaya, vifukofuko vya kwanza haviondoki nyumbani. Ni vya mtambo wake. Hata vikiwa mkono mmoja. Atafuma anachotaka, atavaa mwenyewe. Hilo naweza, kwa sababu hilo halitegemei mbingu. Linanitegemea mimi."

Mama alikuwa anaangalia juu, mtini, kule ambako viwavi wakubwa walikuwa wamening'inia, kijani kibichi kwenye kijani kibichi, hata sijui aliwaonaje. Mimi ilinichukua mwezi kujifunza kuwaona.

Ndipo kunguru akaja. Alishuka kimyakimya kutoka upande wa kijito, akatua juu ya tawi, akainamisha kichwa kuchagua. Hiranya alikuwa amempa mgongo.

"Hoi! Hoi-hoi-rrrrr-ha!"

Sijawahi kusikia mlio ule maishani mwangu. Ulitoka kifuani kwa mama yangu, mkali, wa kitoto, wa msichana anayekimbia chini ya miti. Kunguru akaruka kama aliyechomwa. Na mama, bila kufikiri, alikuwa ameshapita chini ya kamba. Alikuwa ndani. Ameokota upinde wa Hiranya uliokuwa umeegemezwa shinani, ameweka kidonge cha udongo, amevuta, ameachia, na kidonge kikagonga tawi juu ya kunguru wa pili ambaye mimi wala sikuwa nimemwona.

Shamba likanyamaza. Kisha yale manyunyu ya kutafuna yakarudi.

Mama akabaki amesimama katikati ya miti, upinde mkononi, nywele zimeshikana usoni. Akaziba mdomo wake kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka, nadhani na yeye hakujua. Kiwavi mmoja alikuwa amedondokea begani kwake. Akamchukua kwa vidole viwili, taratibu sana, akampandisha kwenye jani.

"Bi Bonolota nitamwendea mwenyewe kesho," akasema, mgongo bado ametugeuzia. "Mimi ndiye niliyemvisha kijana wa watu. Aibu ni yangu, nitaibeba mimi, wala wewe Tarali usitie mguu kule."

"Mama," nikasema. "Atakusema mji mzima."

"Na aseme."

Akauinua upinde, akaijaribu kamba yake kwa kidole gumba, uso ukamkunjamana.

"Na wewe, mkwe, upinde gani huu? Kamba imelegea, hata shomoro hafi. Baba yangu angekufukuza shambani."

Hiranya akanishika mkono juu ya ile kamba ya majani, akanibana mpaka pete yangu ikaniuma.

"Umeniita nani, mama?"

"Nimekwambia kamba imelegea," akasema mama, macho yako juu mitini na yamejaa machozi. "Kalete nyingine, kabla hawajarudi."